Kitambaa cha Bi Chandani

Palikuwa na hekalu ambamo paka wa ukoo wa juu tu ndio waliokunywa maziwa ya madhabahuni. Paka wa mitaroni hata kivuli chao kilihesabiwa najisi. Bi Chandani, paka wa hekaluni, mweupe pe, aliletewa mchumba wa mwanawe amkague. Binti alikuwa mweusi tii.

"Wazazi wangu ni wa hekaluni, na mababu zangu pia," alisema binti.

"Ndivyo mnavyosema wote," alijibu Bi Chandani huku akimnusanusa. "Ukoo wa juu, rangi ya mtaroni? Hapa pana jambo. Kama husemi uongo, chini ya hayo masizi mna weupe."

Akachovya kitambaa chekundu majini, akamsugua binti mgongoni kwa nguvu. Binti alibaki vilevile. Kitambaa ndicho kilichogeuka cheupe, na kiganja cha Bi Chandani kikawa cheusi.

"Amenitia najisi!" alipiga ukelele.

"Mama, mimi sijapaka chokaa," alisema binti.

Mwana wa Bi Chandani, aliyekuwa kando, mweupe kama mamake, alijitazama kwa wasiwasi. Kisha akageukia ukutani, akalamba kiganja chake, akaonja chokaa.