Vichupa Viwili vya Damu

Karatasi ya jina kwenye kichupa cha kwanza ilibanduka kirahisi mno. Fundi saa alitarajia kuichokonoa kwa ukucha, kama anavyofungua mgongo wa saa iliyoziba kwa kutu, lakini ilijiachia yenyewe, pembe zimeshajikunja. Akaishukuru gundi mbovu ya hospitali. Akatupia jicho mlango wa choo, akabandua na ya pili, akazibadilisha. Kwa hesabu yake, jina lake likakaa kwenye damu ya mkewe, jina la mkewe kwenye damu yake. Akavirudisha vichupa kwenye kisahani, vikatulia kama watoto waliotoka kuvunja kitu.

Mkewe akatoka chooni, kikopo cha mkojo mkononi.

"Mbona unatoka jasho?"

"Joto tu."

"Hebu lete hicho kisahani. Dakika tano tu umekishika, mikono yote inatetemeka. Mimi nilikishika ulipokwenda wewe, uliniona nikitetemeka?"

Wakavipeleka maabara, mwisho wa ukumbi, kama walivyoagizwa na muuguzi.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mke. Tangu aambiwe ana sukari, miaka sita iliyopita, mdomo wake ulikuwa chini ya ulinzi. Mafundi wenzake walimwita mkewe Mkaguzi. Alipekua mifuko, alinusa pumzi, alinyang'anya biskuti, peremende na soda. Vilivyonyang'anywa vilikwenda wapi, hakuna aliyeuliza, mkaguzi hakaguliwi. Ndipo fundi akagundua kiduka kimoja ng'ambo ya kilima, ambako hakuna aliyemjua. Kila jioni alipiga mguu kupanda na kushuka, saa nzima kwenda na kurudi, kwa ajili ya biskuti mbili.

Safari iliyopita daktari alimwonya. "Mzee, kipimo hiki kinasimulia miezi mitatu yote. Huwezi kufunga jana ukakidanganya leo. Sukari, mafuta na figo, vyote vikiharibika kwa pamoja, zamu inayofuata ni ya macho."

Fundi saa bila macho ni nini? Lakini upofu ulikuwa mbali, na Mkaguzi alikuwa pale pale kwenye kiti cha pili. Daktari alipoongeza kwamba safari ijayo na mama apimwe, maana umri umekwenda, mkewe alikuja juu: "Mimi? Mgonjwa si huyu?" Kisha akakubali, shingo upande. Fundi naye akaona mlango umefunguka.

Baada ya wiki wakaitiwa majibu.

"Mzee, hongera," alisema daktari. "Sita nukta nne. Sijui unafanya nini, ila endelea hivyo hivyo."

Fundi aliuma mdomo asicheke.

"Mama, yako ni kumi na moja. Mafuta yamepanda, na figo zimeanza kulalamika. Dawa unaanza leo, na wiki hii hii uende kwa daktari wa macho."

Cheko likamwisha fundi. Kumi na moja! Yake hiyo! Akamgeukia mkewe akitarajia machozi, lakini mkewe alikuwa anamtazama yeye, tena kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa mahututi.

"Tutakwenda wote," alisema mkewe. "Na huyu apimwe macho."

"Yeye hana haraka, mama."

"Apimwe!"

Fundi hakubisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kutaka kitu kimoja na mkewe.

Siku zile hakushika kazi ya maana. Kila gurudumu la saa aliliona lina ukungu, akafuta lenzi mpaka kitambaa kikachanika. Biskuti zilimshinda kumeza. Dawa zilikaa kabatini. Mkewe hakuzigusa, na fundi, aliyejiona anajua damu ni ya nani, hakumlazimisha. Mkewe alizidi kuwa mpole. Alimshika mkono kwenye ngazi, akamsomea gazeti bila kuombwa, ingawa alilisogeza mbali, akalisogeza karibu, akaruka mistari. Upole ule ulimuuma fundi kuliko ukaguzi. Akaapa: wakimwambia macho yameharibika, atakiri kila kitu hapo hapo.

Daktari wa macho alikuwa binti mwenye sauti ya chini. Aliwatia dawa ya matone wote wawili, akazima taa, akaanza na fundi. Kidevu kwenye mashine. Mwanga mkali. Juu, chini, kushoto, kulia.

"Baba, macho yako mazima. Sioni hata doa."

Fundi alitoa pumzi aliyoishikilia wiki nzima.

Kwa mkewe daktari alikawia. Akaangalia, akarudia, akavuta kiti karibu.

"Mama, mishipa ya nyuma ya macho yote mawili inavuja damu. Hii si sukari ya jana. Umekaa nayo miaka. Keshokutwa tunaanza kukutibu kwa leza, na tutayaokoa. Ila mngechelewa miezi michache, tungekuwa tunazungumza mengine."

Fundi alimgeukia mkewe. Mwanamke mzima wa afya, ambaye kosa lake pekee ni kubandikwa jina kwenye damu ya mumewe! Macho yake yamevujaje? Akasimama.

"Daktari," akaanza, "kuna jambo lazima niseme..."

Lakini mkewe alishamdaka mkono, mboni zimepanuka kwa dawa, sauti imempaa.

"Haiwezekani, daktari! Kumi na moja ni ya huyu! Siku ile alipokwenda chooni, karatasi za vichupa nilizibadilisha mimi mwenyewe!"