Sijambo ya Bi Mwanahawa

Simu za siku hizo hazikupitisha kauli isiyo ya kweli, na aliyezifunza mantiki ni Bi Mwanahawa mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na uvimbe tumboni.

"Shikamoo, mama. Hujambo?" aliuliza mwanawe Shaweji kutoka Mwanza.

"Marahaba. Sijambo."

Marahaba ikapita, sijambo ikamezwa na simu. Bi Mwanahawa akamkumbuka marehemu mama yake, aliyeugua mwaka mzima akisema "sijambo, mwanangu," na yeye bintiye akimwamini na kulala usingizi mnono.

Kisha akatabasamu. Kimantiki, kauli yenye sharti lisilotimia huhesabiwa kweli.

"Kama leo jua limechomoza magharibi, mwanangu, basi sijambo."

Ikapita. Shaweji, aliyefunzwa mantiki jikoni kwa mama yake, aliielewa mara moja.

"Na mimi, mama," akasema taratibu. "Kama limechomoza magharibi, sijambo."