Nyasi Kavu

Mwaija alikuwa juu ya paa lake mwenyewe, aking'oa nyasi, akida alipoingia uani na askari wake wawili.

"Shuka, mama. Nimefuata kodi."

"Nashuka, akida. Ngoja nimalize."

Msimu ule mvua zilikataa kukatika. Vyungu alivyofinyanga vilikuwa tayari, lakini Handeni nzima hakukuwa na nyasi wala kuni kavu za kuvichomea, na chungu kibichi hakuna anayekinunua. Alikwisha kumweleza akida hayo. Akida akamjibu kwamba Mdachi hali udongo, na amri yake haijui mvua: mwenye nyumba, alipe.

Leo mvua ilikuwa imepumzika. Mwaija akashuka na mzigo wa mwisho. Nyasi za upande wa ndani, zilizokaushwa na moshi wa jiko miaka yote, zilikuwa nyeusi tii na zilimkatikia mikononi. Masizi yalimganda mpaka kwenye nyusi. Akavifunika vyungu vyake pale uani, akaegemeza fito za paa juu yake, akaleta kijinga kutoka mekoni.

Moto ukashika papo hapo. Askari wakarudi nyuma.

"Umerukwa na akili," akida akasema. "Na kodi je?"

"Kodi ya nini?"

"Ya nyumba."

Mwaija akautazama ukuta wake uliobaki wazi, mbingu ikichungulia ndani. Kisha akaishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, akaing'oa, akaitupa motoni.

"Nionyeshe nyumba," akasema.