Mtoto Namba Saba

Utafiti wa macho ya ukoo wao ulikuwa umechapishwa, na kila mtu aliruhusiwa kuusoma bure. Mwanakheri, ambaye haoni, akaiweka simu sikioni imsomee. Ikamsomea majina ya madaktari na vyeo vyao vyote, mpaka shukrani. Ilipofika kwenye jedwali la watoto waliopimwa, ikasema, "Picha."

Akabonyeza tena. "Picha."

"Loo, simu nayo imepofuka!" shemeji yake Kombo akacheka.

"Basi nisomee wewe mwenye macho. Mize wangu ni namba saba. Ataendelea kuona?"

Kombo akashusha kidole mpaka saba. Kicheko kikamkatika.

"Soma, shemeji."

Uani, Mize alikuwa anajaza ndoo, maji yakimwagikia pembeni yake.