Perege na Vumbi la Nyumba Mpya

Alikuwepo Perege mmoja aliyependa usafi kuliko chakula. Alihamia kwenye tangi jipya la kioo na watoto wake mdomoni, maana ndivyo perege wanavyolea. Mchanga wa humo haukuoshwa, na maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Perege akaapa hatawatoa watoto kwenye uchafu ule, ingawa njaa ilikuwa inamkata. Akafagia kwa mkia asubuhi mpaka jioni, na maji yakazidi kuchafuka.

Konokono, mvivu wa kuzaliwa, alikuwa ameganda kiooni. "Mama, tulia kidogo," akamwambia. "Vumbi litashuka lenyewe."

Perege alivumilia asifumbue mdomo, akashindwa. "Mlalaji kama wewe ndiye wa kunifundisha mimi usafi?"

Kufumba na kufumbua, watoto wakamwagika wote, wakatapakaa mchangani. Perege akaogopa kuwapiga kwa mkia, akasimama palepale, hata pezi hakutikisa. Vumbi likashuka polepole. Kulipokucha maji yalikuwa yametakata, na kila mtoto anaonekana.

"Umeona sasa, mama?" akauliza Konokono.

"Nimeona kazi ya kufagia," akajibu Perege. "Ningekusikiliza wewe, watoto hawa wangezeekea mdomoni mwangu."