Mkuu Akianguka

Dadu ilitulia mezani, na mkuu wa kikosi cha mikuki akawa amekufa.

Liberatus alimlaza taratibu, kisanamu cha mti chenye urefu wa kidole. Kikosi kizima alikichonga mwenyewe nyumbani Kalenga, akatengeneza mikuki kwa vijiti vya kuchokolea meno, akapaka rangi nyuso na ngao kwa unyoya wa kuku. Katika mchezo wao wa vita, mkuu akianguka, wapiganaji wake walipigana hadi wa mwisho. Ndivyo walivyokuwa wakimchapa huyu mgeni kutoka Mbeya kila walipokutana.

"Sasa wakimbize, kaka," mgeni alisema. "Sheria mpya. Mkuu akifa, kikosi kinageuka kinakimbia."

"Nani kaileta?"

"Mimi. Niliiweka kwenye grupu, mkakubali wote. Hata wewe uliweka dole gumba."

Aliliweka, kweli. Siku hiyo alikuwa msibani. Aliona wenzake wameweka, naye akaweka bila kusoma.

"Hawa hawakimbiagi," alisema.

"Mchezo tu huu, kaka."

Watu waliozunguka meza walimtazama. Angekusanya vitu vyake na kuondoka, habari ingefika Mbeya kabla ya mgeni.

Akamshika mpiganaji wa kwanza, akamgeuza.

Mgeni aliinama kutazama, kicheko kikamtoka.

"He! Mbona migongo yao hukuipaka rangi?"

Liberatus alimshika wa pili.