Makochi Yamepanda Paani

Fundi wa sola aliita kutoka juu ya paa, "Haya, shemeji, washa!"

Mke wangu akabonyeza swichi. Sebule ikang'aa kote, na hapo ndipo nilipoona vizuri tulichokuwa tumefanya. Makochi hayapo. Tuliyauza asubuhi ile, hata lile langu lenye mto uliochanika, kumalizia bei ya sola, na kwenye kapeti la plastiki vilibaki vishimo pale miguu yake iliposimama tangu tuoane.

Wazo la kuyauza lilikuwa langu. Yeye alijibu "sawa" tu, na "sawa" ya mke wangu si ya kuiamini. Nikasubiri, roho mkononi.

Akaitazama taa. Akanitazama mimi. "Kumbe una mvi," akasema.

Halafu akaenda pale lilipokuwa kochi kubwa, akaketi chini, akaegemea ukuta na kunyoosha miguu. Nikaharakisha kuketi kando yake kabla hajabadili mawazo.

Akanisukuma kwa kiwiko. "We baba watoto, hapo si kwako. Kwako ni kule, kwenye mto uliochanika."

Nikahamia kwenye mto wangu.